Upanga butu na upanga mkali katika kungfu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha upanga wa Kichina alfajiri, kabla jua halijachoma, kwa kikundi kidogo cha watu wazima. Maswali yaliyo hapa ni yale yale ninayoulizwa na wanafunzi wapya, na wazazi wao, na watu nisiowajua wanaonipigia simu baada ya kuagiza upanga mtandaoni na kushtuka walipofungua boksi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Niliposema "usifanye", basi usifanye.

Upanga butu ni upi hasa, na mkali ni upi?

Wachina wana namna nyepesi ya kulisema hili: upanga "umefunguliwa makali" au "haujafunguliwa". Mhunzi anaweza kuukamilisha upanga mzima, bapa, ncha, mpini na ala, lakini ukingo akauacha mnene wa milimita 1 hadi 2, umeviringwa kidogo. Huo ni butu. Akiendelea nao kwenye jiwe la kunolea mpaka pande mbili za bapa zikutane kwenye mstari mwembamba, umefunguka. Huo ni mkali.

Panga zenyewe ni za aina mbili. Wa kwanza ni jian, ambao hapa nitauandika jiani kama wanafunzi wangu wanavyoutamka. Umenyooka, una makali pande zote mbili, na mzee wa pwani akiuona atakumbuka upanga wa feleji. Wa pili ni dao, wenye makali upande mmoja na mgongo mnene upande wa pili, umepinda kidogo kama kitara. Habari ya huo mgongo nitairudia, maana ina uzito kuliko inavyoonekana.

Kuna kitu cha tatu kinachowachanganya wengi, nacho ni upanga wa mashindano. Ule ni bati jembamba la chuma, linalotikisika na kupiga kelele ukilipunga hewani. Haujafunguliwa makali, lakini bati jembamba likipita kwenye ngozi kwa kasi linachana. Hata karatasi hukata kidole. Kwa hiyo neno "butu" lisikupumbaze. Chuma cha karibu kilo moja kinavunja kidole kikiwa butu vilevile, na ncha butu ikiingia jichoni haiulizi kama ilinolewa.

Mashifu, yaani walimu wa kungfu, wa zamani walitumia vyuma vya kweli. Kwa nini mimi nipewe mti?

Kwa sababu na wao walipewa mti. Au muwa. Cao Pi, aliyeishi kati ya mwaka 187 na 226 na ndiye mfalme mkuu wa kwanza wa dola ya Wei, ameandika kwa mkono wake habari ya siku alipokuwa kwenye karamu na jemadari mmoja aitwaye Deng Zhan, mtu aliyesifika kwa ujuzi wa kila silaha. Wakabishana juu ya upanga. Mvinyo ulikuwa umeshapanda na walikuwa wanatafuna miwa, basi wakaifanya miwa hiyo panga, wakashuka ukumbini. Cao Pi akampiga mkononi mara tatu. Deng Zhan hakuridhika, akaomba tena; safari hii Cao Pi akajifanya anaingia kwa pupa, jemadari akamrukia, na muwa ukatua kwenye paji la uso wake. Hebu fikiri wangechomoa vyuma. Tungebaki na maiti ya jemadari, na lile somo zuri la kumvuta adui kwa hila lisingetufikia.

Ipo na hadithi ya binti wa Yue, dola moja ya kale ya China, aliyeitwa na mfalme wa huko, Goujian, awafundishe askari wake. Njiani alikutana na mzee mmoja aliyetaka kumjaribu, wakapigana kwa mianzi, kisha yule mzee akaruka juu ya mti na kugeuka nyani mweupe. Ni ngano, lakini angalia walichoshika mkononi. Na huyo Goujian si wa ngano. Mwaka 1965 upanga wake wa shaba nyeusi ulifukuliwa kaburini huko Jiangling, jimbo la Hubei, una urefu wa sentimita 55.7, na baada ya miaka kama 2,500 makali yake yalikuwa bado yapo. Watu waliokuwa na panga za namna hiyo ndio wanaosimuliwa kuwa walifanyia mazoezi mianzi.

Enzi ya Qing nako, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, mtihani wa kupata uofisa wa jeshi ulikuwa na dao kubwa za kupimia nguvu, za uzito wa jini 80, 100 na 120. Jini moja ya wakati ule ni karibu gramu 600, basi zidisha mwenyewe. Hakuna aliyekatwa na zile. Zilikuwa uzito wa kunyanyua na kuzungusha, na ziliendelea kutumika mpaka mtihani wenyewe ulipofutwa mwaka 1901.

Basi mkali ni wa nini? Mimi siendi vitani.

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Upanga butu unakuruhusu kujidanganya. Unapiga hewa, mkono unakwenda kwa kasi, nguo inalia "fwaa", na watu wanapiga makofi. Lakini makali yalikuwa yanaelekea wapi wakati bapa linasafiri? Kama yamegeuka nyuzi 15 tu pembeni, hujakata kitu. Umepiga kibao kwa chuma. Hewa haikuambii. Mwenzako mnayepambana naye mkiwa mmevaa kofia za wavu haambiwi pia, kwa sababu fimbo ya mazoezi inagonga sawasawa kwa kila upande.

Mgomba unakuambia. Sisi hatuna haja ya mikeka ghali ya kukatia, ya kuagiza Japani. Jirani akishavuna mkungu, shina linalobaki ni la kutupwa, nasi tunaliomba. Tunalikata vipande vya urefu wa mtoto wa miaka kumi na kuvisimamisha kwenye kijiti kilichochongoka. Mwanafunzi anakuja na dao lenye makali, anashusha pigo la mshazari. Akipatia, sauti ni ndogo sana, kama mtu anayepasua tango, na kipande cha juu kinakaa pale pale kidogo kabla ya kuteleza. Kitazame kile kidonda cha mgomba: kimenyooka, kinang'aa, na vile vyumba vidogo vya ndani vinaonekana vyote kama sega la nyuki. Akikosea, kidonda kinakuwa na shimo kama la kijiko, maana makali yaligeuka njiani yakatafuta njia yao. Au upanga unanasa katikati na mkono unastuka mpaka begani. Nimeona mtu mwenye misuli ya kubeba magunia akinasa kwenye mgomba, akifuatiwa na mama wa miaka 50 aliyeupitisha upanga kama anakata siagi.

Baada ya hapo mwanafunzi akirudi kwenye upanga butu anabadilika. Anaanza kuuliza makali yako wapi katika kila pozi. Hilo peke yake linanitosha kuwa sababu.

Usitumie mwanzi mbichi mwanzoni. Ni mgumu, na ukikosea pembe makali yanamomonyoka. Chupa ya plastiki iliyojaa maji inafaa. Na utomvu wa mgomba unatia chuma madoa upesi, kwa hiyo ufute upanga pale pale, usingoje kufika nyumbani.

Nitajuaje kwamba nimefikia kushika mkali?

Muulize mkaa.

Chukua kipande cha mkaa, kisugue kwenye makali yote ya upanga wako butu mpaka yawe meusi. Vaa fulana nyeupe na suruali nyepesi. Fanya mfululizo wako wote wa mapigo kwa kasi yako ya kawaida. Ukimaliza, vua fulana uitazame.

Mimi nilipofanyiwa hivi mara ya kwanza nilikuwa na miaka minne ya mazoezi na nilijiona nimeiva. Mwalimu wangu hakusema neno. Alinigeuza tu, mgongo ukawaelekea wenzangu, akawaomba wahesabu. Mistari miwili kwenye bega la kushoto, mmoja mfupi nyuma ya shingo, na alama moja kwenye paja ambayo mpaka leo sijui niliipata katika pigo gani. Ule wa shingoni ndio ulioninyima usingizi.

Ulitoka kwenye pigo ambalo kila anayesoma dao analijua, lile la kuuzungusha upanga kichwani na mgongoni. Ncha inaning'inia chini nyuma yako, na kinachopita karibu na mwili ni mgongo wa upanga, makali yakiangalia nje. Dao linaruhusu hivyo kwa sababu lina mgongo. Ukijaribu kwa jiani wenye makali mawili umejichinja. Sasa mwanafunzi wa upanga butu hupata tabia ya kuliacha bapa limlalie mgongoni, au kiganja chake kinalegea pale juu na makali yanageukia ndani bila yeye kujua. Kwa miaka. Anashangiliwa.

Kanuni yangu: fulana safi mara tatu, katika siku tatu tofauti, na moja ya siku hizo uwe umechoka. Ukifaulu, tunazungumza. Wengine huchukua mwaka mmoja, wengine mitatu. Wapo walioniona mgumu wakaenda kwingine, na siwalaumu, ila sitabadilisha.

Ajali za upanga mkali hutokea wapi zaidi?

Watu hudhani ni katika kukata. Hapana, ni kwenye ala. Mtu ameshamaliza, amefurahi, anaongea na wenzake, huku anarudisha upanga bila kutazama. Mkono wa kushoto umeikamata ala mdomoni kabisa, kidole gumba kimevuka ukingo, na ncha inakitafuta. Ikamate ala chini ya mdomo, kama unavyokamata chupa chini ya shingo yake. Na usiusukume upanga upande upande: ala nyingi ni vipande viwili vya mbao vilivyogundishwa, na upanga mkali ukiegemea ule mshono unaupasua na kutokea kwenye kiganja. Simama, nyamaza, tazama, rudisha.

Pa pili ni mkono wa kushoto. Mifululizo mingi ya jiani huanza upanga ukiwa mkono wa kushoto, umegeuzwa, bapa limelala nyuma ya mkono kuelekea kwapani. Kwa butu ni mwanzo mzuri. Kwa mkali, kuna makali yanayogusa mkono wako tangu hujaanza. Anza upanga ukiwa kulia, basi. Vilevile vidole viwili vya kushoto vilivyonyooshwa, vile vinavyofuatana na kifundo cha mkono wa upanga, viweke mbali kwa shibiri moja. Ukivuta upanga kurudi, bapa linapita hapo.

Kisha goti. Pigo la kushuka lisilosimamishwa linaishia kwenye mguu wa mbele. Zoea kuusimamisha upanga usawa wa kiuno.

Shada linaloning'inia kwenye mpini liondoe kabisa. Ni pambo zuri, lakini nimeona likijifunga kwenye kifundo cha mkono na kuupeleka upanga kusikotakiwa. Vaa viatu. Futa jasho. Mtu wa karibu awe mita nne kutoka ulipo, na anayetaka kupiga picha asogee mita nne na yeye.

Je, mimi na mwenzangu tunaweza kupambana kwa panga kali, polepole, kwa makubaliano?

Hapana.

Nimesikia hoja zote: kwamba hofu inafundisha, kwamba polepole hakuna ubaya. Hofu inafundisha kweli, lakini inafundisha kujikunja na kukaa mbali, na hayo utajifunza hata kwa fimbo ukipigwa vidole vya kutosha. Na "polepole" hudumu mpaka mmoja ateleze. Chuma kwa chuma, tena, makali yakigongana yanaingia mapengo, na vipande vidogo vinaweza kuruka. Upanga mkali uelekezwe kwenye mgomba, mkeka na chupa. Binadamu hayumo katika orodha hiyo.

Basi kwa kupambana tutumie nini?

Wachina wenyewe walishalitatua hili: wana mchezo wa silaha fupi unaotumia fimbo ya henzirani iliyozungushiwa pamba au sponji na kufunikwa ngozi au kitambaa, wachezaji wakiwa na kofia ya wavu. Inapinda, inauma kidogo, haivunji. Kwa anayeanza sijaona kizuri kuliko hicho, na fundi viatu yeyote mwenye sindano nzuri anaweza kukushonea.

Upanga wa mti unafaa kwa mazoezi ya wawili yaliyopangwa. Seremala wangu huchonga wa mninga, na wa mkwaju kwa wanaotaka uvumilivu zaidi. Wengi huniomba mpingo kwa sababu ya uzuri wake. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini. Pigo lake kichwani si la mchezo. Kagua mti kila siku kabla ya kuanza: ukiona mpasuko au kibanzi kimeinuka, upige msasa au uuweke kando.

Chuma butu cha kupambania kipo, na kinafundisha kile ambacho mti hauwezi, yaani namna bapa linavyoteleza juu ya bapa na unavyomsikia mwenzako kupitia chuma. Lakini kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukingo mnene, ncha iliyoviringwa au kukunjwa, na theluthi ya mbele iweze kupinda ukimchoma mwenzako, la sivyo nguvu yote inaishia kwenye mbavu zake. Vaa kofia ya wavu ya mchezo wa vitara, kinga ya koo, glavu nene, kinga ya viwiko. Kofia ile haifuniki kisogo. Kubalianeni kwamba hakuna anayempiga mwenzake aliyegeuka.

Nina upanga wa mashindano. Nimpe fundi aunoe?

Tafadhali usimpe. Bati lile lilitengenezwa litikisike na kupiga kelele. Ukilinoa unapata kiwembe kirefu kinachoyumba, kilichofungwa kwenye mpini ambao haukukusudiwa kugonga chochote.

Na hata kama una upanga mzuri wa chuma kizito, usiupeleke kwa mnoaji wa visu anayezunguka mtaani. Namheshimu sana yule bwana, kisu changu cha jikoni ananinolea yeye. Lakini gurudumu linalozunguka kwa kasi linachoma ukingo. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu, ugumu aliouweka mhunzi umeshaondoka na hauwezi kurudishwa kwa jiwe. Upanga mzuri wa Kichina mara nyingi una chuma kigumu katikati kilichobanwa na chuma laini pande mbili, na anayenoa lazima ajue ni kiasi gani cha kuondoa kila upande. Ukitaka mkali, uagize ukiwa umeshafunguliwa na aliyeutengeneza, kisha wewe utunze tu kwa jiwe laini na maji.

Umeandikwa "Longquan". Ina maana ni mzuri?

Ina maana umeandikwa Longquan. Huo ni mji wa jimbo la Zhejiang, uhunzi wake wa panga unasifika tangu kale, na mwaka 2006 China iliuingiza kwenye orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni. Wahunzi wakubwa wapo kule. Lakini karakana za kule hutengeneza kila kitu, kuanzia pambo la ukutani mpaka upanga wa mamilioni, na jina hilo huchorwa hata kwenye mabati yasiyotoka huko. Vilevile nukta saba za shaba kwenye bapa, zinazofananishwa na nyota saba za kaskazini, ni mapambo, hazithibitishi chuma.

Uliza kitu kimoja kabla ya bei: chuma cha bapa kinaingia mpaka wapi ndani ya mpini? Jibu unalolitaka ni kwamba kinapita mpini wote na kugongwa kama ribiti kwenye kitako. Jibu la kukimbia ni kijiti chembamba kilichochomelewa na kufungwa nati.

Mwaka wangu wa pili nilinunua upanga kwenye duka moja mjini, mzuri wa kuangalia, chuma cha pua kinachong'aa kama kioo. Nilikuwa kwenye zamu ya mapigo ya kushuka, peke yangu, na katika pigo la thelathini na kitu mkono ukawa mwepesi ghafla. Nikabaki na mpini. Bapa liliruka juu ya ukuta mfupi na kuchoma mchangani hatua chache kutoka pale watoto walipokuwa wameacha kandambili zao ili wakaoge. Kijiti cha ndani kilikuwa chembamba kuliko penseli. Upanga ule ulikuwa butu, na siku ile makali yasingeongeza wala kupunguza kitu.

Tangu hapo kila upanga unaoingia kwenye kikundi chetu naushika kwa mkono mmoja na kukigonga kitako chake kwa ngumi ya mkono mwingine. Ukitoa mlio wa kitu kilicholegea, haufanyi mazoezi siku hiyo.

Uzito na urefu gani?

Jiani wa kufanyia kazi huwa kati ya gramu 700 na 900, bapa sentimita 70 hadi 80. Kipimo cha kawaida: ushike umegeuzwa kwa mkono wa kushoto, ukiwa umesimama na mkono umening'inia, ncha ifike usawa wa sikio. Mkali na butu wako vikaribiane uzito na mahali vinapolingana ukiviweka juu ya kidole, la sivyo mwili utajifunza mara mbili.

Naishi pwani. Upanga wangu unashika kutu kila wiki.

Chumvi ya bahari, jasho la mkono na joto: chuma chenye makali hakipendi hata kimoja. Futa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuushika, kisha paka mafuta membamba ya cherehani, safu nyembamba tu. Wajapani hutia harufu ya karafuu kwenye mafuta yao ya panga, na mtu wa Pemba au Unguja anaweza kudondosha matone mawili ya mafuta ya karafuu kwenye chupa ya mafuta ya cherehani akafurahia harufu ya nyumbani. Usipake ya karafuu matupu.

Usiuhifadhi kwenye ala ya ngozi msimu wa masika. Ngozi inanyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha.

Mtoto wangu ana miaka 9 na anataka upanga kama wa kwenye sinema.

Wa mti, mfupi, uliopimwa kwa mwili wake. Mkali asiuguse, na ukiwepo nyumbani uwe chini ya kufuli, ufunguo kwako. Watoto huiga haraka na kwa uzuri kuliko sisi, ndiyo maana nasisitiza.

Vipi kuhusu sheria na safari?

China kwenyewe kuna mstari baina ya uliofunguliwa na usiofunguliwa: kwa kigezo cha polisi cha mwaka 2007, kisu chochote kilichofunguliwa makali, chenye ncha kali ya chini ya nyuzi 60 na bapa linalozidi milimita 150 kinaingia kwenye silaha zinazodhibitiwa. Kwa ndugu zetu walio Uingereza, tangu 2008 uuzaji wa panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi umewekewa marufuku yenye misamaha yake, na dao limo humo. Ulizeni kabla ya kuagiza.

Huku kwetu panga la shamba kila mtu analielewa, jiani haueleweki. Usitembee nao mkononi. Uwe ndani ya mfuko uliofungwa, na kikundi kijitambulishe serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha jirani kabla hakijaanza kufanya mazoezi hadharani. Sisi tulifanya hivyo na afisa aliyetupokea akaja kutazama mwenyewe. Kwenye ndege, uwe mkali au butu, hauingii nawe ndani. Unakwenda na mizigo ya chini, umefungwa ncha na makali, baada ya kuongea na shirika.

Nikijikata?

Bana kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua fungua kuchungulia. Inua mkono juu ya usawa wa moyo. Usiweke kahawa, dawa ya meno, mafuta ya taa wala udongo. Daktari atalazimika kuyaondoa kwanza, na uchafu utabaki. Kidole kikigoma kukunja au kunyooka, au kikifa ganzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama damu imekatika, kwa sababu kano au mshipa wa fahamu unaweza kuwa umekatwa, na kuchelewa kunaharibu. Uliza na sindano ya pepopunda.

Nina miaka 64, nafanya taichi, ile kungfu ya polepole, kwa ajili ya magoti na usingizi. Ni lazima nifike kwenye makali?

Hapana, mama. Mfululizo wa taichi wa mapigo 32 uliopangwa na idara ya michezo ya China mwaka 1957 ndio watu wengi duniani wanaoujua kama taichi ya upanga, na wengi wao huumaliza uhai wao wote bila kugusa upanga mkali. Asubuhi kwenye bustani za Beijing, kama ile ya Hekalu la Mbinguni, utawakuta wazee wenye panga zinazojikunja kama antena ya redio, wanazitia kwenye mfuko wa soko na kupanda nazo basi. Mapigo yao ni safi kuliko ya vijana wangu wengi.

Ninachokuomba ni kile kile ninachowaomba wao: ujue makali yangekuwa upande gani kama yangekuwepo. Nitakufungia utepe mwekundu kwenye ukingo mmoja ili jicho lizoee. Njoo Jumamosi na fimbo yako ya kutembelea, tutaanza nayo hiyo hiyo.